Soya, Bakteria wa Utumbo na Homoni za Mimea: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji

Soya imeingia katika majiko ya Afrika Mashariki kwa milango mingi. Imo katika unga wa lishe unaokorogwa uji wa mtoto, imo katika kinywaji kinachonywewa badala ya kahawa, imo katika vipande vikavu vinavyouzwa kwa jina la nyama ya soya, na nchini Rwanda mishikaki ya tofu huchomwa jikoni pamoja na mishikaki ya mbuzi. Ni chakula chenye protini nyingi kwa bei ambayo kaya nyingi zinaimudu. Hata hivyo, ni vigumu kupata zao jingine la jamii ya kunde lililozungukwa na maneno mengi kama soya. Wako wanaosema kwamba soya ina homoni za kike, kwa hiyo mwanamume asiile na mtoto wa kiume asipewe. Wako pia wanaouza vidonge vya soya kwa mwanamke aliyefikia umri wa kukoma hedhi, na kumwahidi kwamba homoni zilizopungua mwilini zitarudi.

Pande zote mbili husahau jambo moja. Kile kinachoitwa homoni ya soya si homoni iliyokamilika na kuhifadhiwa ndani ya punje. Ni malighafi. Sehemu kubwa ya kazi ya kuigeuza hufanywa na bakteria wanaoishi tumboni mwa mlaji mwenyewe, na bakteria hao hawafanani kwa watu wote. Katika makala haya tunaieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kisha tunaonyesha maana yake kwa anayenunua, anayepika na anayetumia dawa.

Kilichomo ndani ya punje

Soya ina kundi la kemikali ziitwazo isoflavoni. Mmea huzitengeneza kwa faida yake wenyewe: huzitumia kujikinga na maradhi na kuwaita bakteria wa udongoni wanaokaa katika vinundu vya mizizi na kuupatia naitrojeni. Isoflavoni kuu za soya ni tatu, nazo ni jenisteini, daidzeini na glisiteini. Ndani ya punje haziko huru. Karibu zote zimeungana na sukari aina ya glukosi, na zikiwa katika hali hiyo huitwa jenistini, daidzini na glisitini.

Sababu ya isoflavoni kuhusishwa na homoni ni umbo lake. Molekuli yake inakaribiana kwa umbo na estradioli, ambayo ndiyo homoni kuu ya estrojeni katika mwili wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na ambayo mwili wa mwanamume pia huitengeneza kwa kiasi kidogo. Estrojeni hufanya kazi kwa kushikamana na vipokezi vilivyomo ndani ya seli, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Vipokezi hivyo ni vya aina mbili, alfa na beta. Estradioli hufungua vyote viwili kwa nguvu. Isoflavoni hushikamana zaidi na kipokezi cha beta, na nguvu yake kwa jumla ni ndogo sana ikilinganishwa na ya estradioli. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kula soya ni sawa na kumeza homoni ya mwanadamu. Si sahihi pia kusema kwamba soya haina uhusiano wowote na mfumo wa homoni.

Kiasi cha isoflavoni hutegemea aina ya chakula. Katika vyakula vya soya vya asili, kila gramu moja ya protini huambatana na takriban miligramu 3 hadi 4 za isoflavoni. Mafuta ya soya yaliyosafishwa, ambayo wengi hukaangia, karibu hayana isoflavoni kabisa. Protini ya soya iliyosafishwa kiwandani kwa kuoshwa na alkoholi hupoteza sehemu kubwa ya isoflavoni zake, ilhali unga wa soya iliyopikwa au kukaangwa nyumbani hubaki nazo.

Hatua ya kwanza: kuiondoa sukari

Isoflavoni iliyoungana na glukosi haipenyi kwa urahisi ukuta wa utumbo. Ni lazima sukari ikatwe kwanza. Kazi hiyo huanzia katika utumbo mwembamba, ambako kimeng'enya cha laktasi, kile kile kinachovunja sukari ya maziwa, hukata glukosi. Bakteria nao hushiriki, wakiwemo wale wa jamii za Lactobacillus na Bifidobacterium, ambao pia hupatikana katika maziwa ya mgando na vyakula vingine vilivyochachuliwa.

Ndiyo sababu vyakula vya soya iliyochachushwa, kama tempe ya Indonesia, miso na nato za Japani, huwa na isoflavoni nyingi zilizokwisha kuachana na sukari kabla hazijafika mezani. Vijidudu vya kuchachusha vimeifanya nje ya mwili kazi ambayo vinginevyo ingefanyika tumboni.

Baada ya sukari kuondoka, sehemu ya isoflavoni huingia katika damu, hupita katika ini na hatimaye hutoka kwa mkojo. Mwili hauzihifadhi kwa muda mrefu. Mtu akila soya leo asiile tena, sehemu kubwa huwa imekwisha kutoka baada ya siku moja au mbili.

Hatua ya pili: daidzeini inapogeuzwa kuwa ekuoli

Sehemu isiyofyonzwa, pamoja na ile inayorudishwa tumboni na ini kupitia nyongo, huendelea hadi utumbo mpana. Huko hakuna oksijeni, na bakteria ni wengi mno. Baadhi yao hupata nishati kwa kuhamisha hidrojeni kutoka kitu kimoja hadi kingine, na daidzeini ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kuipokea.

Badiliko hilo lina hatua tatu. Kwanza, daidzeini huongezewa hidrojeni na kuwa dihidrodaidzeini. Pili, hiyo nayo huongezewa hidrojeni tena na kuwa tetrahidrodaidzeini. Tatu, hupoteza oksijeni katika umbo la maji na kuwa ekuoli. Mabadiliko hayo huonekana wazi katika hesabu ya atomu: daidzeini ina atomu 10 za hidrojeni na 4 za oksijeni, ilhali ekuoli ina 14 za hidrojeni na 3 za oksijeni. Kila hatua ina kimeng'enya chake, na bakteria asiye na vimeng'enya hivyo hawezi kuikamilisha safari. Miongoni mwa wanaoweza ni Adlercreutzia equolifaciens na Slackia isoflavoniconvertens, ambao majina yao ya kisayansi yametokana na kazi hiyo hiyo.

Ekuoli ni estrojeni ya mimea yenye nguvu kuliko daidzeini iliyoizaa, na hukaa katika damu muda mrefu zaidi. Hata hivyo si kila daidzeini hufuata njia hiyo. Kuna bakteria wengine wanaoipasua molekuli na kuigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nguvu yake ya kiestrojeni ni hafifu. Jenisteini pia huweza kuvunjwavunjwa hadi kubaki kitu kisicho na tabia ya homoni hata kidogo. Kwa hiyo bakteria hao hao wa utumbo wanaweza kuiongeza nguvu ya soya au kuipunguza, kutegemea ni akina nani waliomo.

Si kila mtu huitengeneza ekuoli

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa kwa mlaji. Uchunguzi wa mkojo na damu za watu waliokula soya umeonyesha kwamba katika Ulaya na Marekani ni takriban asilimia 25 hadi 30 tu ya watu wazima wanaotengeneza ekuoli kwa kiasi cha kupimika. Nchini Japani, Korea na China kiwango hicho hukaribia asilimia 50 hadi 60. Mbinu ya kumtambua mtu ni rahisi: hula soya kwa siku kadhaa mfululizo, kwa kawaida 3, kisha mkojo wake hupimwa katika maabara. Bila kipimo hicho hakuna dalili ya nje inayomtambulisha mwenye uwezo huo.

Kwamba kazi hii ni ya bakteria, wala si ya mwili wenyewe, kumethibitishwa kwa njia mbili. Panya wa maabara waliolelewa bila kijidudu chochote tumboni hawatengenezi ekuoli hata wakilishwa soya. Watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo ya soya nao huwa na daidzeini nyingi katika damu lakini ekuoli kidogo sana, kwa kuwa jamii ya bakteria tumboni mwao bado haijakamilika.

Dawa za antibiotiki, ambazo huua bakteria wa utumbo pamoja na wale wa ugonjwa, zinaweza kulivuruga badiliko hili kwa muda. Mlaji asichukulie jambo hili kuwa sababu ya kukatisha dozi aliyoandikiwa. Ni moja tu ya sababu za kutotumia dawa hizo pale zisipohitajika.

Farasi, kondoo na chanzo cha maarifa haya

Ekuoli ilijulikana kabla watu hawajaanza kuihusisha na soya. Mwaka 1932, jijini London, wanakemia Marrian na Haslewood waliitenga kutoka katika mkojo wa farasi jike wenye mimba, na jina lake lilitokana na neno la Kilatini lihusulo farasi. Wakati huo ilionekana kuwa kitu kisicho na umuhimu.

Katika miaka ya 1940, wafugaji wa Australia Magharibi walipata hasara kubwa. Kondoo majike waliolishwa katika malisho ya klova, ambayo ni mmea wa jamii ya kunde, walishindwa kushika mimba, na wengine walipata matatizo ya kuzaa. Watafiti waliueleza ugonjwa huo mwaka 1946. Baadaye ilibainika kwamba klova ile ilikuwa na isoflavoni iitwayo formononetini, na kwamba bakteria wa tumbo la kondoo waliigeuza kuwa daidzeini, kisha kuwa ekuoli. Kondoo alikuwa akila malisho hayo kutwa, siku baada ya siku, kwa kiasi kisicholingana na mlo wa mwanadamu. Mwaka 1982 ekuoli ilitambuliwa katika mkojo wa binadamu, na uchunguzi juu ya soya ukashika kasi.

Tunaitaja historia hii kwa kuwa hofu nyingi juu ya soya zimetokana nayo. Funzo lake ni kwamba kiasi na aina ya mlaji ndivyo vinavyoamua. Kisa cha kondoo hakiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye bakuli la uji, na hakiwezi kupuuzwa pia pale mtu anapomeza isoflavoni zilizokolezwa katika kidonge.

Soya haiko peke yake. Ufuta na mbegu za kitani zina kundi jingine la kemikali liitwalo lignani, ambalo bakteria wa utumbo hulibadilisha kuwa enterodioli na enterolaktoni. Hizi nazo ni estrojeni hafifu za mimea. Watu wa pwani wamekula ufuta vizazi na vizazi, na hakuna anayemkataza mwanamume kashata ya ufuta.

Vidonge vya soya: kabla ya kutoa fedha

Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, estrojeni hupungua, na wengi hupatwa na joto la ghafla mwilini, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu. Vidonge vya isoflavoni huuzwa kwa ajili ya hali hiyo. Majaribio ya kitabibu yametoa majibu yanayopishana: mengine yalionyesha nafuu kidogo, mengine hayakuonyesha tofauti. Sababu mojawapo inayotajwa na watafiti ni hiyo tuliyoieleza, kwamba wanaotengeneza ekuoli na wasioitengeneza walichanganywa katika jaribio moja.

Japani inauza pia tembe zenye ekuoli yenyewe, iliyopatikana kwa kuichachua soya kwa bakteria wa jamii ya Lactococcus, na kipimo kilichotumika katika majaribio ni miligramu 10 kwa siku. Baadhi ya majaribio hayo yalionyesha nafuu. Hata hivyo, mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Marekani Kaskazini kilipopitia ushahidi wote, hakikupendekeza soya, vidonge vyake wala ekuoli kuwa tiba ya joto la ghafla, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mwanamke anayeteseka kwa dalili hizo anastahili kumwona daktari, kwa sababu zipo tiba zilizothibitishwa. Ni hasara kumaliza akiba ya miezi kwa kidonge ambacho huenda tumbo lake halina bakteria wa kukitumia.

Kuhusu usalama, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliangalia vidonge vyenye miligramu 35 hadi 150 za isoflavoni kwa siku kwa wanawake waliokoma hedhi, na haikupata ushahidi wa madhara kwa matiti, mfuko wa uzazi au tezi ya thairoidi. Tathmini hiyo haikuwahusu wanawake wenye saratani inayotegemea estrojeni. Tume ya Usalama wa Chakula ya Japani, katika nchi ambayo soya ni chakula cha kila siku, ilichukua tahadhari zaidi mwaka 2006: ilishauri jumla ya isoflavoni isizidi miligramu 70 hadi 75 kwa siku, na kiasi kinachotoka katika vidonge kisizidi miligramu 30. Ilishauri pia kwamba wajawazito na watoto wadogo wasiongezewe isoflavoni juu ya chakula chao.

Namna ya kuisoma lebo

Vipimo hivyo vya Japani huhesabu isoflavoni bila sukari yake. Baadhi ya watengenezaji huandika uzito pamoja na sukari, na hapo namba huonekana kubwa kuliko ilivyo. Miligramu 100 za jenistini zikiondolewa sukari hubaki takriban miligramu 62 za jenisteini, na miligramu 100 za daidzini hubaki takriban 61 za daidzeini. Kwa hiyo kopo linalodai miligramu 50 kwa kidonge linaweza kuwa na takriban miligramu 31 tu kwa hesabu ya isoflavoni huru. Mlaji anayelinganisha bei za makopo mawili ahakikishe kwanza kwamba yote mawili yamepimwa kwa namna moja. Lebo isiyotaja kabisa kiasi cha isoflavoni, ikaandika uzito wa dondoo la soya peke yake, haimwambii mnunuzi analolipia. Pia lebo inayodai kutibu ugonjwa inadai kazi ya dawa, na bidhaa ya namna hiyo ni lazima iwe imesajiliwa hivyo.

Maswali yanayoulizwa zaidi

Je, soya hupunguza nguvu za kiume? Uchambuzi wa pamoja wa majaribio ya kitabibu, uliochapishwa mwaka 2010 na kurudiwa kwa upana zaidi mwaka 2021, haukuona badiliko la testosteroni wala la estrojeni kwa wanaume waliokula soya au isoflavoni. Madhara yaliyoripotiwa ni ya watu wachache waliopita kiasi. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 60 aliyevimba matiti. Alikuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku, na alipoacha hali yake ilirejea kuwa ya kawaida. Bakuli la uji au sahani ya nyama ya soya ni mbali mno na kiasi hicho.

Je, aliyeugua saratani ya matiti aiache soya? Utafiti uliofanyika Shanghai kwa zaidi ya wanawake 5,000 waliougua saratani hiyo, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba waliokula soya zaidi hawakuwa na hali mbaya zaidi. Vifo na kurudi kwa ugonjwa vilikuwa vichache miongoni mwao. Huo ulikuwa utafiti wa chakula cha kawaida, si wa vidonge. Kwa mgonjwa wa kipato kidogo, kunyimwa protini ya bei nafuu kwa sababu ya uvumi ni madhara ya kweli. Chakula na kiliwe kwa kiasi; vidonge visitumiwe bila idhini ya daktari anayemtibu.

Je, soya huathiri dawa? Ndiyo, hasa levothairoksini, ambayo hutumiwa na wenye upungufu wa homoni ya thairoidi. Soya inaweza kupunguza ufyonzwaji wake tumboni. Dawa imezwe tumbo likiwa tupu, na soya iliwe baada ya saa kadhaa. Anayetaka kuanza kula soya kila siku, au kuiacha baada ya kuizoea, amweleze daktari ili kipimo cha damu kirudiwe.

Je, mtoto apewe? Uji wa lishe wenye soya iliyopikwa vizuri unafaa kwa mtoto aliyefikisha miezi 6, pamoja na maziwa ya mama. Kinywaji cha soya cha dukani hakiwezi kuchukua nafasi ya maziwa ya mama wala ya maziwa maalumu ya watoto wachanga. Maziwa ya kopo ya soya yatumiwe kwa ushauri wa mtaalamu wa afya, na mtoto mwenye tatizo la thairoidi anayeyanywa afuatiliwe kwa karibu.

Ushauri wetu kwa ufupi

Tunashauri soya iliwe kama chakula, ikiwa imepikwa au kukaangwa barabara, kwa kuwa punje mbichi ina viambato vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Iliwe pamoja na kunde, maharage, mbogamboga na nafaka zisizokobolewa, ambazo bakteria wa utumbo huzihitaji pia. Isiogopwe kwa sababu ya uvumi, na isinunuliwe kwa bei ya dawa kwa sababu ya ahadi. Muuzaji anayedai kwamba kidonge kimoja cha soya huwafaa wanawake wote kwa namna moja anadai jambo ambalo matumbo ya wanawake hao yenyewe hayakubaliani nalo. Mnunuzi na aombe kuiona lebo, aulize kiasi cha isoflavoni na namna kilivyopimwa, ahifadhi risiti, na atoe taarifa kwa mamlaka husika akikuta bidhaa inayotangazwa kuwa tiba bila usajili.